Pembetatu ya nyuzi 180 na dakika 40

Swali la 11 lilikuwa hivi: pembetatu ina pembe moja ya nyuzi 62 na dakika 45 (dakika ni sehemu ndogo za nyuzi), nyingine ya nyuzi 47 na dakika 30, tafuta pembe ya tatu. Mwanafunzi, binti wa miaka 13, aliandika nyuzi 70 na dakika 25. Jibu ni nyuzi 69 na dakika 45. Chini ya jibu lake alikuwa amepiga mstari na kuhakiki bila kuambiwa na mtu. Alijumlisha pembe zote tatu, akapata 180 kamili, akaweka alama ndogo ya vema kwa penseli.

Alama hiyo ya vema ndiyo iliyonifanya niweke kalamu nyekundu chini. Mtoto aliyekosea kwa haraka huwa hahakiki. Huyu alihakiki, na uhakiki wake ukamwambia kwamba yuko sawa. Kama kanuni kwamba pembe tatu za pembetatu hufanya jumla ya nyuzi 180, ambayo tunawapa watoto iwe kinga yao, inaweza kumpitisha mtu aliyekosea, basi nilitaka kuona ni wapi hasa ilipotoboka.

Karatasi nzima

Zoezi lilikuwa la marudio, maswali 12: manane ya mwanzo ni ya kubadili vipimo, manne ya mwisho ni ya pembetatu. Alipata manane. Ukiyatazama hayo manane unamwona mtoto anayeijua kazi yake. Mita 3.4 ni sentimita 340. Gramu 2,750 ni kilo 2.75. Lita 0.6 ni mililita 600. Milimita 85 ni sentimita 8.5, na kilomita 4.2 ni mita 4,200. Pembetatu yenye pembe za nyuzi 48 na 67, ya tatu ni 65. Pembetatu yenye pande mbili sawa na pembe ya juu ya nyuzi 40, pembe mbili za chini ni 70 kila moja. Hatua zote zimeandikwa, hakuna kubahatisha.

Manne aliyokosa ni haya. Muda wa saa 3.4 aliuandika saa 3 na dakika 40, badala ya saa 3 na dakika 24. Mita za mraba 1.5 aliziandika sentimita za mraba 150, ilhali ni 15,000. Mita za ujazo 2 aliziandika sentimita za ujazo 200, ilhali ni 2,000,000. La nne ni lile la pembe ya tatu.

Mtu anayepanga makosa kwa mada angesema binti huyu ana matatizo mahali pawili: matatu kwenye vipimo, moja kwenye pembetatu. Angemrudisha kwenye somo la pembe. Lakini maswali ya 9 na 10 yanaonyesha wazi kwamba pembe za pembetatu anazijua. Makosa yote manne ni kosa moja lililovaa nguo nne, na hilo halionekani mpaka uache kuhesabu vema na kosa na uanze kufuata mkono wake ulivyokwenda.

Kuna mambo mawili mengine kwenye karatasi ambayo yalinisaidia zaidi ya makosa yenyewe. Kwanza, swali la muda lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilitaka saa 2.5, na hapo aliandika vizuri kabisa: saa 2 na dakika 30. Alikosa kwenye 3.4 tu. Maana yake 2.5 hakuikokotoa, aliisoma kama "mbili na nusu", na nusu saa anaijua tangu utotoni. Nusu ilimwokoa. Sehemu nne za kumi za saa hazina jina la kila siku, kwa hiyo alirudi kwenye utaratibu wake, na utaratibu ukampa 40.

Pili, swali la 12. Lilitoa pembetatu yenye pande za sentimita 6, 8 na 10, na pembe ambazo kwa kukadiria hadi nyuzi kamili ni 37, 53 na 90. Aliombwa aikuze mara mbili na kutaja pande na pembe mpya. Jibu lake lilikuwa sahihi: sentimita 12, 16 na 20, pembe zile zile. Ila karatasi ilikuwa imechubuka. Nilipoiinamisha kuelekea dirishani niliziona namba zilizofutwa: 74, 106, 180. Alikuwa amezidisha na pembe pia kwa mbili! Kisha akajumlisha, akapata 360, akashtuka, akafuta.

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na uzito. Uhakiki ule ule, kanuni ile ile, umemwokoa kwenye swali la 12 na umemwacha azame kwenye swali la 11, umbali wa vidole viwili kwenye karatasi moja.

Alivyofikiri

Nilimwita baada ya kipindi. Sikumwambia kwamba amekosa. Nilimpa karatasi tupu, nikamwomba anifanyie tena swali la 11 huku akinieleza.

Aliandika 62.45, chini yake 47.30. Akajumlisha: 109.75. Akatoa kwenye 180: 70.25. Akaandika nyuzi 70 na dakika 25.

"Hiyo nukta umeitoa wapi?"

"Nimeiweka badala ya alama ya nyuzi, Mwalimu. Ili iwe rahisi kujumlisha."

Nikamwuliza alivyohakiki. Akaonyesha: 45 na 30 na 25 ni 100, andika sifuri sifuri, moja inapanda, 62 na 47 na 70 ni 179, na ile moja, 180. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyelipa deni lake lote.

Tazama kilichotokea. Dakika 100 alizifanya nyuzi moja. Kwa kweli nyuzi moja ni dakika 60, kwa hiyo dakika 100 ni nyuzi moja na dakika 40 juu yake. Pembe tatu alizoandika zinafanya jumla ya nyuzi 180 na dakika 40. Pembetatu ya namna hiyo huwezi kuichora kwenye ubapa wowote. Lakini yeye asingeweza kuiona ile 40, kwa sababu alihakiki kwa kipimo kile kile kilichomkosesha: alihesabu mia palipotakiwa sitini wakati wa kutafuta jibu, kisha akahesabu mia palipotakiwa sitini wakati wa kulithibitisha. Kwenye swali la 12 ilikuwa tofauti. Pale kosa lilikuwa kuzidisha, na uhakiki ulikuwa kujumlisha nyuzi kamili. Kosa na uhakiki havikuwa na asili moja, ndiyo maana uhakiki ukalishika kosa.

Nawaomba walimu wenzangu waitunze namba 40. Mwanafunzi akifanya nyuzi na dakika, jibu likapishana na lako kwa dakika 40 barabara, usihangaike kutafuta sababu nyingine. Amevuka kutoka dakika kwenda nyuzi mara moja, na katika kuvuka amechukua mia badala ya sitini. Tofauti ya mia na sitini ni hiyo. Akivuka mara mbili utaona dakika 80.

Wala si tofauti ya kupuuza. Ukipiga mstari wa mita 100 kwa pembe iliyozidi dakika 40, mwisho wa mstari utakuwa umehama kwa takriban mita 1.16. Mpima ardhi hawezi kuivumilia. Ila kwenye daftari haionekani, kwa sababu protrakta ya shule ina alama za nyuzi nzima nzima. Ungemwambia achore na kupima, angepima karibu 70 na kufurahi, na aliyepata jibu sahihi naye angepima karibu 70. Kuchora, ambako mara nyingi ndiyo tiba yetu ya kwanza, kusingesaidia hapa.

Ngazi iliyofundishwa vizuri kupita kiasi

Mazoea haya ameyapata kwetu, walimu wake. Watoto hufundishwa ngazi ya vipimo: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Ukishuka hatua moja unasogeza nukta kulia mara moja. Ukipanda unairudisha kushoto. Kwa urefu, uzito na lita, ngazi hii haikosei kamwe, kwa sababu kila hatua ni kumi. Mtoto hufanya maswali mengi, yote yanatoka sawa, na kila vema inamwambia kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwa mdomo: kwamba kubadili kipimo maana yake ni kusogeza nukta.

Kisha anaingia kwenye eneo, ambako kila hatua ya ngazi ile ile ni 100. Kwenye ujazo ni 1,000. Kwenye saa na pembe ni 60. Neno "mita" na neno "sentimita" vinabaki vile vile, na hakuna kitu kinachomwonya kwamba ameingia nyumba nyingine. Kwa hiyo alipoona mita za mraba kwenda sentimita za mraba, alichukua mia yake. Alipoona mita za ujazo, alichukua mia ile ile. Kuliita jambo hili uzembe si haki. Ni utiifu kwa kanuni ambayo haikuwekewa mpaka.

Nilipowaeleza wenzangu, mmoja alipendekeza ngazi nyingine ya maeneo, ambayo kila hatua ina nafasi mbili za nukta, na ya tatu ya ujazo yenye nafasi tatu. Nimeona vitabu vinavyofanya hivyo, na watoto wanapata majibu. Bado siipendi. Mtoto anabaki na ngazi tatu za kukariri na hana cha kumwambia ni ipi ya kuipanda leo. Mwingine alisema kikokotoo kina kitufe cha nyuzi na dakika, kitamfanyia. Kipo, na siku moja nitamfundisha. Lakini mtoto huyu tatizo lake halikuwa kujumlisha. Alijumlisha bila kosa hata moja.

Siku mbili za kazi

Siku ya kwanza tulianza na eneo, kwa sababu eneo linaonekana kwa macho. Nilimpa karatasi ya grafu, nikamwambia akate mraba wenye upande wa sentimita 10, yaani desimita moja. Nikamwuliza vimraba vya sentimita moja vilivyomo ni vingapi. Alihesabu mstari wa kwanza, kumi, akataka kuendelea na wa pili, kisha akanyanyua kichwa: "Mistari iko kumi. Ni mia." Nikamwuliza mraba wake wa desimita ungeingia mara ngapi kwenye mraba wa mita moja. Alisogeza ule mraba hewani juu ya meza, mara kumi kwenda kulia, kisha akaanza kuuteremsha, akaacha katikati. "Mia nyingine." Halafu kimya. Halafu: "Elfu kumi." Alichukua karatasi yake ya zoezi mwenyewe, akakata 150, akaandika 15,000.

Sikumpa kanuni mpya. Nilimpa swali la kujiuliza kabla nukta haijaguswa: *kimoja cha hiki kinabeba vingapi vya kile?* Kwa eneo jibu linatoka kwenye mistari na idadi ya mistari. Kwa saa jibu analo kichwani.

Siku ya pili ikawa ya pembe, na hapa lugha yetu ilitusaidia. Kwa Kiswahili dakika ya saa na dakika ya pembe ni neno moja. Limetoka kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kidogo, chembamba. Nilimwuliza: dakika 75 ni muda gani? "Saa moja na dakika 15," hata hakufikiri. Na dakika 75 za pembe? Alinyamaza, akaangalia 109.75 aliyoiandika jana yake, na uso ukabadilika. Aliandika polepole: nyuzi 110 na dakika 15.

Kutoa kulimchelewesha kidogo, mpaka alipoona kwamba 180 inaweza kuandikwa nyuzi 179 na dakika 60. Ukiazima nyuzi moja, unaivunja kuwa sitini. Baada ya hapo 179 na 60, toa 110 na 15, ni 69 na 45. Akahakiki: 45 na 30 na 45 ni 120, hizo ni nyuzi mbili, 62 na 47 na 69 ni 178, jumla 180.

Nilitaka pia asifikiri kwamba nukta ni adui. Nukta yake ingefaa sana kama angeipitisha mlangoni vizuri. Dakika 45 ni robo tatu ya nyuzi, kwa hiyo pembe ya kwanza ni nyuzi 62.75, ya pili ni 47.5. Jumla 110.25, na 180 ukitoa hiyo unabaki na 69.75. Robo tatu ya sitini ni 45. Jibu lile lile, kwa njia aliyoianza yeye. Kosa halikuwa kujumlisha kwa desimali. Lilikuwa kudhani kwamba alama ya nyuzi na nukta ya desimali ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa mikono miwili. Hili nililisema mara mbili, kwa sababu naliona ndilo lililo zito kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililomkosesha pia kwenye saa 3.4: huko alibadili nukta kuwa dakika, huku dakika kuwa nukta.

Akaniuliza: kwa nini sitini? Kwa nini wasingeweka mia ili ilingane na vingine?

Nililifurahia sana swali hili, kwa sababu kuna watu wazima waliojaribu jambo analolitaka. Wababeli wa kale walihesabu kwa sitini, na wanajimu wa Kigiriki waliofuata, akiwamo Ptolemy katika karne ya 2, wakaendelea kugawa nyuzi kwa sitini. Katika miaka ya 1790, Wafaransa walipokuwa wakiunda mfumo wa mita, waliigawa pembe mraba katika sehemu 100 badala ya 90. Katika mpango huo pembe za pembetatu hufanya jumla ya 200. Hata siku waliigawa katika saa kumi, kila saa dakika mia. Sheria hiyo ilitoka 1793, na 1795 ikasimamishwa. Mgawanyo wa pembe haukufa kabisa. Kuna wapima ardhi wanaoutumia hadi leo, na kwenye vikokotoo vingi vya kisayansi umo, umeandikwa GRAD karibu na DEG, yaani nyuzi.

Nikamwomba aigawe 200 kwa tatu, apate pembe ya pembetatu yenye pande zote sawa katika mfumo huo. Alipata 66.666, akaendelea kuandika sita mpaka nikamsimamisha. Katika nyuzi ni 60 tu, safi. Theluthi ya nyuzi moja ni dakika 20. Theluthi ya mia haiishi. Sitini inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila baki, na mia inakataa 3 na 6. Aliliandika hilo nyuma ya daftari bila kuambiwa.

Wiki moja baadaye

Nilimpa maswali sita mapya. Pembetatu ilikuwa na pembe za nyuzi 58 dakika 20 na nyuzi 71 dakika 50. Aliandika nyuzi 49 na dakika 50, ambayo ni sahihi. Kwa njia yake ya zamani angepata 50 na 30, ile 40 yetu tena. Saa 1.7 aliiandika saa 1 na dakika 42. Mita za mraba 0.08 aliziandika sentimita za mraba 800, na pembeni kulikuwa na mraba mdogo wenye mistari miwili mitatu, ishara kwamba alijiuliza swali lake kabla ya kuandika.

Alikosa moja. Mita za ujazo 0.25 ni lita ngapi? Aliandika 25. Jibu ni 250, kwa kuwa lita moja ni mchemraba wenye upande wa desimita moja, na mita ya ujazo inabeba michemraba hiyo 1,000.

Sikuweka alama yoyote. Niligusa tu swali kwa kidole, nikamrudishia karatasi. Aliitazama, akachora mraba, akaandika 10 upande mmoja na 10 upande wa pili. Penseli ikasimama. Kisha akaongeza mistari mitatu mifupi ya kupanda juu, mraba ukawa sanduku, na kwenye mstari mmojawapo akaandika 10 ya tatu.

"Nilihesabu sakafu tu, Mwalimu. Nilisahau kwenda juu."